Shajara ya mradi: watumiaji na walezi kwenye kliniki ya akili, Ilemela 2025

Shajara hii ni ya kikundi chetu cha watu wanaotumia huduma ya afya ya akili na ndugu wanaowalea, wilayani Ilemela, Mwanza. Anayeandika ni dada wa mtumiaji mmoja. Kituo hakitajwi jina, wala wanakikundi, ndivyo tulivyokubaliana. Naandika ili atakayetaka kuanzisha kitu kama hiki Musoma, Geita, Bukoba au kisiwani Ukerewe asikwame tulipokwama sisi. Fedha zote ni shilingi za Tanzania.

Jumatano, 5 Februari 2025. Tulikoanzia

Mdogo wangu ana miaka 26 na anatumia haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili. Mwaka jana, mwezi wa kumi, alianza kutotulia. Anakaa, anasimama, anazunguka chumba, anarudi kukaa, anasimama tena. Usiku nilikuwa nasikia kandambili zake sakafuni mpaka alfajiri. Tulipokwenda kliniki niliulizwa mimi, "Anaendeleaje?" Nikajibu, "Hatulii." Ikaandikwa, dozi ikaongezwa. Mwezi uliofuata akawa amezidi, nikasema vilevile, ikaongezwa tena.

Mara ya tatu tulimkuta daktari mgeni. Alinisalimia, kisha akamgeukia mdogo wangu na kumwuliza yeye. Akasema: "Mimi nataka kukaa. Miguu ndiyo haitaki."

Daktari aliweka kalamu chini akamtazama miguu. Hali ile ilikuwa imeletwa na dawa yenyewe. Inajulikana kabisa kwa dawa za kundi hilo, na mgonjwa asipoulizwa mwenyewe inafanana sana na ugonjwa uliopanda. Dozi ilishushwa, akapewa na dawa ya kutuliza ile hali. Baada ya wiki mbili alikuwa anakaa mezani mpaka chakula kinaisha.

Miezi miwili aliteseka kwa sababu aliyeulizwa ni mimi, nami nikajibu kwa kile nilichokiona kwa nje. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ndipo mimi na kaka mmoja fundi cherehani, naye ni mtumiaji wa kliniki hiyohiyo, tukakubaliana kwamba huduma hii inahitaji kupangwa pamoja na wanaomeza dawa na kudungwa. Tunataka kabla mwaka haujaisha watumiaji wawe na kauli inayobadilisha namna kliniki inavyoendeshwa, na walezi wawe pamoja nao bila kuwasemea.

Barua kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, ilikwenda Januari na ruhusa imetoka. Kuchapa na kopi: 1,500.

Jumatano, 12 Februari. Kikao cha kwanza

Tulikutana kwenye benchi za kliniki baada ya huduma kwisha. Walikuja watu 19, walezi 15 na watumiaji 4. Kikao kilichangamka na nilirudi nyumbani na furaha tele.

Usiku nikafungua daftari nililokuwa naandikia. Karibu kila neno lilikuwa limesemwa na mlezi. Kijana mmoja nilimwuliza anatumia dawa gani, mama yake akajibu. Nikamwuliza saa ya kliniki inamfaa, mama akajibu. Nikamwuliza anakaa mtaa gani, mama akajibu. Mwenyewe alikuwa na kadi yake ya kliniki mkononi, anaikunja na kuikunjua kwenye mkunjo uleule mpaka ikachanika. Nililiona hilo pale pale kikaoni, na sikusimamisha chochote.

Yaani tulikuwa tumerudia kosa lilelile lililotuleta. Chai na maandazi: 9,500. Kauntabuku: 4,000.

Jumatano, 26 Februari. Watu watano

Tulitayarisha chai ya watu ishirini, wakaja watano. Tulidhani wamekata tamaa mapema. Fundi alianza kusema labda tuanze upya na watu wengine.

Tukapiga simu. Mama mmoja wa Igombe, analea mjukuu, aliniambia: "Mwanangu, mmeita watu kwenye giza." Nikadhani anazungumzia usiku. Alikuwa anazungumzia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta pale tu mbingu inapokuwa nyeusi. Siku za mwezi mwandamo mitumbwi inaingia ziwani kila usiku, na asubuhi wanawake wako mwaloni, pale mitumbwi inapotua, wananunua, wanaanika, wanageuza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, wavuvi wanapumzika, na pwani nzima inapata nafasi. Kikao chetu cha kwanza kiliangukia mwezi mpevu bila sisi kujua. Hiki cha pili kimeangukia giza lenyewe, na nusu ya walezi wetu wanaishi kwa dagaa.

Tangu leo vikao vitapangwa kwa mwezi, Jumatano iliyo karibu na mwezi mpevu. Kuna jambo lingine ambalo mama huyu alilisema kwa kupita na limenikaa kichwani: mjukuu wake anaandikwa "mtoro" kwenye rejista karibu kila tarehe ya sindano inapoangukia giza. Chai iliyopotea: 5,000. Vocha: 2,000.

Jumatano, 12 Machi. Makundi mawili

Tupo ndani ya Ramadhani, kwa hiyo hakuna chai, na wala hakuna aliyeikosa. Fedha hiyo tuliigeuza nauli kwa wanaotoka mbali.

Safari hii tuliwatenganisha. Watumiaji tisa walikaa chini ya mwembe na fundi akawaongoza. Walezi walibaki kwenye benchi na mimi. Saa nzima hakuna wa huku aliyekwenda kule. Mama mmoja alisimama mara tatu kwenda kumwangalia mwanawe, mara tatu nikamwomba akae. Haikuwa rahisi kwake, na namwelewa.

Kisha tukasoma yaliyoandikwa. Walezi walitaka dawa zisiishe, wapate namba ya kupiga usiku hali inapochafuka, na kliniki iwe na siku ya pili katika wiki. Watumiaji walitaka wasiitwe kwa sauti, "wagonjwa wa akili njooni huku", mbele ya foleni nzima. Walitaka sindano ya nyonga ichomwe nyuma ya pazia, waulizwe dawa inawafanya nini mwilini, na waambiwe jina la dawa na itatumika mpaka lini. Namba ya usiku haikutajwa hata na mmoja wao. Pazia halikutajwa hata na mlezi mmoja. Mwenye mpango wa kuanzisha kikundi azingatie hapa: ukiwaweka pamoja tangu mwanzo utapata orodha moja tu, na itakuwa ya walezi.

Halafu likaja suala la kamba. Dada mmoja chini ya mwembe alisema, akiwa ametulia kabisa, kwamba kaka zake walimfunga kamba usiku mzima alipokuwa mgonjwa, na kwamba alama ya mkononi imeshapona lakini yeye mlango ukifungwa bado anatetemeka. Akakunja mkono mmoja wa shati kuonyesha. Mlezi mwingine akajibu kwamba yeye alimfunga mwanawe kwa sababu alikuwa anakimbilia barabarani, na asingemfunga leo angekuwa na kaburi. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Hatukumaliza siku hiyo, na wanawake hao wawili waliondoka bila kuagana.

Jumatano, 9 Aprili. Maombi 23 mezani

Mganga mfawidhi alitupokea vizuri. Tulikuwa wanne, na karatasi yenye maombi 23. Karibu kila kitu hapa tulikifanya vibaya.

Nilianza kwa kumsomea Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 4 inataka watu wenye ulemavu, wakiwemo wenye ulemavu wa akili, washirikishwe kwa karibu katika maamuzi yanayowahusu. Haki hiyo ipo na sitaiacha. Lakini kuanza nayo kuliifanya meza iwe ya mashtaka kabla hatujasema tunataka nini, na mganga mfawidhi akaanza kujibu kwa tahadhari, neno moja moja.

Pili, tulimwomba fundi asimulie ugonjwa wake ili "waguswe". Alisimulia. Usiku hakulala, na siku tatu hakufungua kibanda. Hatutarudia kumwomba mtu simulizi ya ugonjwa wake kama tiketi ya kusikilizwa. Tangu hapo tunazungumzia huduma: foleni, dirisha la dawa, sindano, saa. Anayetaka kusema yake atasema kwa hiari yake.

Tatu, tulichelewa. Mganga mfawidhi alieleza kwamba mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na mpango wa kituo ulishaandaliwa miezi kadhaa nyuma. Tangu 2017/18 vituo vya ngazi ya msingi vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na matumizi yanapitia kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wajumbe kutoka kwa wananchi na inakaa kila robo mwaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaijua kamati hiyo, na kituo tunakitumia miaka. Tuliuliza na sanduku la maoni. Lipo, pembeni ya mlinzi, na kwa kliniki yetu halijawahi kutoa karatasi. Mtu anayeogopa kuonekana hawezi kusimama mbele ya mlinzi akiandika.

Nyumbani tuliyagawa yale 23 kwa swali moja tu: hili linahitaji fedha ya nani? Yapo yasiyohitaji fedha kabisa, yapo yanayohitaji fedha ya kituo, na yapo yaliyo juu ya kituo. Kundi la kwanza ndilo tutakaloanza nalo. Kopi: 2,300.

Jumatano, 14 Mei. Daftari la alama, na karatasi tulizozichoma

Mganga mfawidhi alikuwa ametuuliza kitu ambacho hatukuwa na jibu lake: "Mnasema dawa zinakosekana. Mara ngapi?" Tukaamua kuhesabu kila siku ya kliniki mwezi mzima wa Mei.

Fomu ya kwanza ilikuwa na jina, mtaa na dawa. Tuliitumia siku moja, tarehe 7. Jioni hiyohiyo mlezi mmoja alinipigia akilia: jirani yake alikuwa amekaa benchi moja naye, akaisoma, na mtaani kwao imeshajulikana kijana anatibiwa nini. Niliomba radhi nyumbani kwake, uso kwa uso. Kisha tukazikusanya karatasi zote zilizotumika, tukazihesabu, tukazichoma mbele yake pamoja na zile zilizobaki. Hasara ya kopi ni 4,000, nyingine haina bei. Mwenye kuiga kazi hii asiandike jina la mtu popote, hata kwa herufi ya kwanza.

Fomu ya pili haina maneno. Ina mistari na picha tatu juu: kidonge, saa, mdomo. Anayetoka kwenye huduma anaweka alama mwenyewe: nimepata dawa zote, nimesubiri zaidi ya saa tatu, nimeulizwa mimi mwenyewe. Tuliijaribu kwa watu sita kabla ya kutoa kopi nyingi, lakini sote sita tulikuwa wanakikundi na tulishajua picha zina maana gani. Leo mzee mmoja ameweka alama ya mdomo kwa furaha, nikamwuliza alichoulizwa. Akasema, "Nimeulizwa nimekula?" Ni kweli, wengi huambiwa wale kabla ya dawa, na mdomo kwao ni chakula. Tumeubadilisha ukawa sikio, na maana yake ni "wamenisikiliza". Fomu ya tatu ilijaribiwa kwa watu wasiotujua, nayo ikaeleweka. Alama za leo upande wa mdomo tumezirudia kwa kuuliza upya kila mmoja kabla hajaondoka.

Kuhusu kamba, kimya cha miezi miwili kimevunjika. Wale wanawake wawili walikaa na fundi na kutoa wazo tunaloliita karatasi ya siku mbaya. Mtumiaji anaiandika, au anaandikiwa, akiwa mzima: dalili zangu za kwanza ni zipi, apigiwe nani, nini kinanituliza, nini msinifanyie. Mlezi anaisoma na kusema lipi anaweza na lipi hawezi, wanakubaliana, nakala moja inakaa nyumbani na nyingine kwenye faili la kliniki kama mwenyewe akiridhia. Ya mdogo wangu ina mistari mitano. Wa tatu unasema: "Msinifungie mlango. Kaeni mlangoni." Nilipousoma nilikumbuka usiku mmoja wa mwaka 2023 na ufunguo uliokuwa kwenye kiganja changu.

Jumatano, 11 Juni. Hesabu, na muuguzi tuliyemuumiza

Mei, kwa fomu zisizo na majina, tulipata alama za watu 61. Kati yao 23 waliondoka bila dawa moja au zaidi. Waliosikilizwa wenyewe walikuwa 11.

Tulizisoma namba hizo mbele ya mganga mfawidhi, mfamasia na muuguzi wa kliniki. Hatukuwa tumemwonyesha muuguzi kabla. Tuliposema kumi na moja kati ya sitini na moja, alifunga rejista yake, akasema "Sawa", akatoka. Yeye yuko peke yake. Asubuhi moja anapima, anaandika, anachoma sindano, anashauri, na kati yao wapo wenye kifafa ambao nao wanahudumiwa kliniki hiyohiyo. Tulikuwa tumempima mbele ya wakubwa wake kwa kosa ambalo si lake peke yake.

Wiki iliyofuata tulikwenda wawili kumwomba radhi. Nilimwambia, "Dada, tulipaswa kuanzia kwako." Alinyamaza kidogo, kisha akaomba fomu, akachora safu ya nne kwa kalamu yake mwenyewe: idadi aliyoihudumia peke yake siku hiyo. Akasema na hiyo ihesabiwe. Inahesabiwa tangu hapo, na namba yake ndiyo tutakayoipeleka kuombea mtumishi wa pili.

Kwa mfamasia tulijifunza jambo ambalo kila kikundi kinapaswa kulijua. Kiasi cha dawa kinachoagizwa Bohari ya Dawa hukadiriwa kwa matumizi ya nyuma. Dawa ikiisha wiki tatu, wagonjwa wananunua nje au wanakaa bila, na kwenye kitabu matumizi yanaonekana madogo. Asipohesabu zile siku ambazo dawa haikuwepo, oda inayofuata inakuwa ndogo, na dawa inaisha tena. Tuliokuwa tukirudi nyumbani kimya tulikuwa tunaandikwa kama watu wasiohitaji. Daftari letu sasa linamwonyesha ni wangapi walikosa na tarehe ngapi, na amekubali kulitumia kurekebisha makadirio ya oda. Halijamgharimu mtu chochote.

Siku hiyohiyo muuguzi alikubali na suala la giza. Flufenazini, ile sindano ya muda mrefu, kwa kawaida hurudiwa kila wiki mbili hadi nne. Kwa hiyo kwa wengi wao ipo nafasi ya kusogeza siku kadhaa bila kuvunja utaratibu wa daktari. Tulimletea kalenda yenye mwezi mpevu na mwezi mwandamo umezungushiwa kalamu. Ameibandika ukutani juu ya meza, na kwa familia za mwaloni anapanga tarehe ya kurudi akiitazama.

Jumatano, 9 Julai. Nani akae kwenye kiti

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa 19 Juni, na mama wetu anayetoka upande wa Sengerema amefika leo kabla ya chai kuchemka. Zamani alikuwa anaamka usiku kuwahi kivuko.

Kamati ya usimamizi imetukaribisha kikao cha robo mwaka. Ujumbe kamili haupo mpaka nafasi itangazwe. Tutaingia kama waalikwa, bila kura. Tuliona tuingie hivyohivyo.

Walezi wengi walitaka niende mimi, kwa kuwa "unajua kuongea" na kwa kuwa fundi "akiumwa siku hiyo itakuwa aibu". Watumiaji walikataa. Dada wa mwembe aliuliza kama mjumbe mwenye presha naye huachwa nyumbani asije akaumwa. Tulisimuliana pia habari za ng'ambo ya ziwa, hospitali ya Butabika pale Kampala, ambako watu waliowahi kulazwa walifunzwa kuwasaidia wanaotoka wodini. Kama wao wanaaminiwa na kazi hiyo, fundi anaweza kukaa kwenye kiti cha plastiki saa mbili.

Tulipitisha hivi: anakwenda fundi, mimi nakaa nyuma yake na kuandika. Akiumwa, anakwenda mtumiaji mwingine aliyechaguliwa leoleo, ambaye ni dada wa mwembe. Mlezi hajazi nafasi ya mtumiaji hata siku moja. Na aliyeumwa akipona anarudi kwenye nafasi yake bila kuombewa. Chai: 10,000.

Jumatano, 6 Agosti. Kamati

Fundi aliumwa. Wiki mbili kabla ya kikao alianza kukesha, na mkewe akaitoa karatasi ya siku mbaya, akampigia aliyeandikwa. Alifika kliniki akitembea kwa miguu yake, siku ya tatu tangu dalili zianze. Mara iliyopita alifikishwa na mgambo. Yuko nyumbani, anapumzika. Nilimpelekea ujumbe kwamba kiti chake kipo.

Dada wa mwembe alikwenda. Alisema dakika saba. Hakuanza na mkataba wala na maisha yake; alianza na namba za Mei, akamtaja muuguzi na mzigo wake, kisha akaomba mambo matatu. Wajumbe waliuliza maswali kwangu mara mbili, na mara zote mbili nikasema, "Ajibu yeye."

Kuita kwa namba badala ya kutaja ugonjwa kulikubaliwa pale pale na kumeanza. Pazia lilikubaliwa, ila kituo hakikuwa na fungu lake mwaka huu; tulinunua kitambaa sisi, 16,000, na fundi atakapokuwa sawa atakishona. Siku ya pili ya kliniki ilikataliwa mpaka mtumishi apatikane. Namba ya usiku ilikataliwa pia, na walezi wameumia. Nami nimeumia. Usiku ule wa 2023 ningekuwa na mtu wa kumpigia, ufunguo usingezungushwa.

Jumatano, 10 Septemba. Hali ilivyo

Agosti tulihesabu alama 58. Waliokosa dawa ni 14, waliosikilizwa wenyewe ni 31. Hesabu hii ni ya kliniki moja kwa mwezi mmoja, na dawa zinaweza kupungua tena robo ijayo, kwa hiyo daftari linaendelea. Mjukuu wa yule mama wa Igombe hajaandikwa mtoro tangu Juni.

Gharama zote tangu Januari: nauli 42,000, chai 24,500, kopi na daftari na kalamu 21,800, pazia 16,000, vocha 5,000. Jumla 109,300. Ni michango ya shilingi elfu moja moja na kidogo kutoka kikoba cha walezi. Nauli ndiyo iliyokula zaidi na ndiyo isiyopunguzwa: daladala ni 600 kwenda na 600 kurudi, na kwa mtu asiye na kazi hiyo ndiyo tofauti ya kuja na kutokuja. Kuna aliyependekeza fedha ijayo iende kwenye fulana za Siku ya Afya ya Akili Duniani, 10 Oktoba. Tulipiga kura, ikabaki kwenye nauli.

Yasiyokwenda vizuri: watumiaji wanawake bado ni watatu tu, na vijana wa mwaloni hawaji kabisa, hata kwenye mbalamwezi. Dada wa mwembe anataka tuwafuate hukohuko badala ya kuwangoja. Karatasi za siku mbaya zimeandikwa 12, lakini mbili ziliandikwa na walezi peke yao wakazileta zimekamilika, tumezirudisha. Namba ya usiku tutaiomba tena, safari hii kwenye mpango wa mwaka wa fedha 2026/27, na barua itafika kituoni kabla maandalizi hayajaanza. Mganga mfawidhi ametuahidi kutuita siku ya kuandaa, nasi tumeomba ahadi hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu za kamati. Imeandikwa.

Fundi amerudi. Jumatatu alileta pazia, la kijani, limeshonwa pindo mara mbili ili likifuliwa lisifumuke, na yeye mwenyewe ndiye aliyepanda kwenye stuli kulitundika. Leo amechomwa sindano nyuma yake.

Kikao kijacho ni Jumatano, 8 Oktoba, siku moja baada ya mwezi mpevu.